Upasuaji wa Aota Unaohifadhi Vali ya Mgonjwa Mwenyewe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ni yale ambayo wagonjwa na walezi wao nchini Uganda huyarudia pindi wanapoambiwa kwamba aota imetanuka au vali yake inavuja. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeelezwa kwingine, msomaji ameelekezwa huko. Uamuzi kuhusu mgonjwa mmoja mmoja unabaki kwa daktari aliyeviona vipimo vyake.

## Mambo ya msingi

Vali ya aota ni nini, na "kuihifadhi" maana yake ni nini?

Vali ya aota ipo kati ya chumba cha chini cha kushoto cha moyo na aota, mshipa mkubwa kuliko yote mwilini. Ina majani matatu membamba ambayo hufunguka moyo unaposukuma damu na kujifunga unapolegea, takriban mara 100,000 kwa siku. Majani hayo yameshikizwa ndani ya sehemu ya mwanzo ya aota iitwayo shina la aota, na ni kwenye shina hilohilo ndipo inapochipukia mishipa miwili inayoulisha moyo wenyewe.

Kwa baadhi ya watu ukuta wa shina hudhoofika na kutanuka. Majani ya vali huweza kuwa mazima kabisa, lakini kwa kuwa ukuta unaoyashikilia umesogea, hayakutani tena katikati, na damu hurudi nyuma kuingia moyoni. Ni kama mlango mzima uliobaki katika fremu iliyopanuka: kosa liko kwenye fremu. Katika upasuaji huu daktari huukata ukuta mbovu, huyaacha majani ya mgonjwa, huweka bomba la kitambaa cha Dakroni mahali pa shina, kisha huishona vali ya mgonjwa ndani ya bomba hilo na kuirudisha mishipa ya moyo mahali pake.

Je, huu ni upasuaji wa majaribio?

Hapana. Mwaka 1968 madaktari Bentall na De Bono wa London walieleza namna ya kuondoa shina la aota pamoja na vali na kuweka bomba lenye vali ya bandia. Njia hiyo ingali inatumika na imeokoa maisha ya watu wengi. Magdi Yacoub, daktari mzaliwa wa Misri aliyefanya kazi Uingereza, alianza kuhifadhi vali za wagonjwa mwaka 1979 kwa kulikata bomba katika ndimi tatu zinazochukua nafasi ya kuta zilizotanuka. Tirone David wa Toronto, nchini Kanada, alieleza mwaka 1992 njia nyingine, ambapo vali nzima huwekwa ndani ya bomba na hata msingi wake hukazwa usitanuke tena. Wapasuaji wengi leo hufuata moja ya njia hizi mbili, au mchanganyiko wake.

Katika vituo vyenye uzoefu mkubwa, wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10 huwa hawajahitaji kufanyiwa upasuaji mwingine wa vali hiyo miaka 15 baadaye. Takwimu hizo, hata hivyo, ni za vituo vilivyofanya mamia ya upasuaji wa aina hii kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri, na si haki kumwahidi mgonjwa matokeo hayohayo mahali ambapo kazi hii hufanywa mara chache kwa mwaka.

## Je, upasuaji huu unanifaa?

Nimeambiwa vali yangu imeharibiwa na homa ya rumatiki. Naweza kuhifadhiwa vali yangu?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi nchini Uganda, na jibu lake mara nyingi si lile ambalo mgonjwa angependa kulisikia. Ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya rumatiki huanza kwa maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa. Mwili hushambulia vali zake wenyewe, na baada ya miaka majani hukakamaa, hufupika na kushikana kingoni. Upasuaji wa kuhifadhi vali unategemea majani laini, marefu na yanayonyumbulika, yaani kile hasa ambacho ugonjwa huu hukiharibu. Isitoshe, vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, mara nyingi huwa imeathirika pia. Kwa hiyo watu wazima wengi wenye tatizo hili hubadilishiwa vali.

Kwa watoto na vijana wachache ambao majani yao hayajakakamaa sana, mpasuaji anaweza kuyarefusha kwa vipande vya utando unaouzunguka moyo. Matengenezo hayo hayadumu kama yale ya shina lililotanuka, lakini humpa mtoto miaka ya kukua bila vali ya bandia, na hilo si jambo dogo.

Awe ametengenezewa vali au amebadilishiwa, mgonjwa wa rumatiki huendelea na sindano za benzathini penisilini, antibiotiki ya kuzuia homa hiyo isirudi, kwa muda alioagizwa, kwa sababu upasuaji haufuti ugonjwa wenyewe. Faida ya sindano hizo kabla vali haijaharibika sana imethibitishwa hapahapa nchini: katika utafiti uliofanyika Gulu na kuchapishwa mwaka 2021, watoto 818 wenye dalili za awali katika eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) walifuatiliwa kwa miaka 2, na ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano kila mwezi, dhidi ya asilimia 8.2 ya wasiochomwa.

Basi ni nani hasa anayefaa?

Anayefaa zaidi ni mtu ambaye shina la aota limetanuka huku majani ya vali yakiwa bado mazuri. Kundi la kwanza ni wenye hali ya Marfan, kasoro ya kurithi ya tishu unganishi inayompata takriban mtu 1 kati ya 5,000. Wengi wao ni warefu, wembamba, wenye vidole virefu na macho yenye matatizo ya lenzi. Wapo pia wenye kasoro nyingine za kurithi, wenye shinikizo la damu la muda mrefu, na wale ambao chanzo hakijulikani.

Vali iliyobana kwa chokaa, hali inayowapata zaidi wazee, haihifadhiwi kwa njia hii. Hiyo hubadilishwa.

Nilizaliwa na vali yenye majani mawili badala ya matatu. Je, nimeondolewa kwenye orodha?

La. Hali hiyo huwapata watu 1 hadi 2 kati ya 100, na wengi huishi bila kujua. Ikiwa majani hayo mawili ni laini na vali inavuja bila kubana, mpasuaji mwenye uzoefu anaweza kuihifadhi na kulibadilisha shina kwa wakati mmoja, ingawa uwezekano wa kurudi tena chumba cha upasuaji baada ya miaka mingi ni mkubwa kuliko wa vali yenye majani matatu.

Aota ikifikia ukubwa gani ndipo upasuaji unahitajika?

Shina la aota la mtu mzima kwa kawaida huwa chini ya sentimita 4. Kwa watu wengi upasuaji hupendekezwa linapofikia sentimita 5.5, na baadhi ya vituo vyenye uzoefu hukubali kuanzia 5. Kwa mwenye Marfan kiwango ni sentimita 5, au 4.5 ikiwa kuna sababu za kuongeza hofu, kama vile ndugu aliyechanika aota, kutanuka kwa kasi, au nia ya kupata mimba. Vali inayovuja sana pia inaweza kumfikisha mtu kwenye upasuaji kabla ya vipimo hivyo, hasa moyo ukianza kupanuka au kuchoka.

Vipimo gani vitaonyesha kama vali yangu inaweza kuhifadhiwa?

Eko ya moyo huonyesha jinsi majani yanavyotembea na damu inakovuja, na siti skani huipima aota yote. Wapasuaji huangalia pia urefu wa majani, na jinsi ncha zake zinavyoinuka juu ya msingi wa vali inapojifunga. Mwinuko wa kawaida ni karibu milimita 9. Hata hivyo uamuzi wa mwisho hutolewa kifua kikiwa wazi na majani yakionekana kwa macho. Ndiyo maana daktari mwangalifu humwambia mgonjwa "nitajaribu" na hatoi ahadi.

## Kwa nini watu huhangaikia kuhifadhi vali?

Kuna ubaya gani kuwekewa vali ya chuma na kumeza warfarini?

Vali ya chuma hudumu miongo mingi, na kwa mgonjwa wa mjini Kampala anayeweza kufika maabara kila inapohitajika, ni chaguo la heshima. Ugumu uko kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo mwenye vali hiyo huimeza kila siku maisha yake yote. Kipimo chake cha damu, INR, kwa vali ya aota hutakiwa kwa kawaida kuwa kati ya 2 na 3. Kikishuka, damu inaweza kuganda kwenye vali na kusababisha kiharusi. Kikipanda, mgonjwa anaweza kuvuja damu hadi ubongoni. Mwanzoni hupimwa kila wiki au zaidi, na baadaye takriban kila mwezi. Kwa anayeishi Karamoja au visiwa vya Ssese, kila kipimo ni safari, nauli na siku iliyopotea.

Kisha kuna maisha ya kila siku. Mboga za majani kama dodo, nakati na sukuma wiki zina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini. Hazikatazwi, ila ziliwe kwa kiasi kisichobadilikabadilika, jambo gumu msimu wa mvua unapojaza shamba na wa kiangazi unapolikausha. Septrini na metronidazoli, zinazouzwa karibu kila duka la dawa, huipandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Na ajali ya boda boda ambayo kwa mwingine ingeacha michubuko tu, kwake inaweza kuwa ya hatari.

Aliyehifadhiwa vali yake mwenyewe kwa kawaida haihitaji warfarini. Wengi hupewa aspirini ya dozi ndogo kwa miezi ya mwanzo. Kwa maoni yangu, katika nchi kama yetu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, na hupaswa kupewa uzito zaidi kuliko inavyopewa katika vitabu vilivyoandikiwa nchi zenye maabara kila kona.

Mimi ni mwanamke kijana na ninataka kuzaa. Je, jambo hili linabadilisha uamuzi?

Linaubadilisha sana. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba. Kuhamia sindano za hepari, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, hupunguza hatari hiyo lakini huongeza ile ya damu kuganda kwenye vali ya chuma. Vali yako mwenyewe hukuepusha na mtego huo. Mwambie daktari wazi kabla ya upasuaji kwamba unataka watoto, hata kama hajauliza, na hata kama mama mkwe au mume yupo chumbani.

Tahadhari ipo kwa mwenye Marfan: kubadilishiwa shina hakuufanyi ukuta wa aota iliyobaki kuwa imara. Mimba itahitaji eko za mara kwa mara, udhibiti wa shinikizo la damu, na kujifungulia katika hospitali kubwa. Kila mtoto wake ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi hali hiyo.

Kwa nini nisiwekewe vali ya mnyama, ambayo haihitaji warfarini?

Vali hizo hutengenezwa kwa tishu za ng'ombe au nguruwe, na kwa mtu mwenye umri wa miaka 65 na kuendelea zinafaa sana. Kwa kijana huchakaa haraka, hivyo anayeiwekewa akiwa na miaka 25 ajiandae kwa upasuaji wa pili, pengine na wa tatu.

Waislamu huuliza kuhusu nguruwe. Wanazuoni wengi huiruhusu tiba hiyo panapokuwa na dharura, na vali ya ng'ombe ipo kama mbadala. Mwenye shaka azungumze na sheikhe wake mapema. Kuhifadhi vali huondoa suala la vali ya mnyama, lakini ni vyema kujua kwamba hepari, inayotumika katika karibu kila upasuaji wa moyo wazi, hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe.

## Siku ya upasuaji

Hufanyika nini chumbani?

Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, mfupa wa kifua hupasuliwa katikati, na mashine ya moyo na mapafu huchukua kazi ya kusukuma damu na kuipa oksijeni. Moyo husimamishwa kwa maji maalumu yenye potasiamu. Shina hukatwa, vali hushonwa ndani ya bomba, mishipa ya moyo hurudishwa, na ikiwa jani moja limelegea hukazwa kwa mishono. Kazi yote huchukua saa 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi. Ndugu wanaosubiri nje wasiihesabu saa ya tano kuwa habari mbaya.

Moyo ukianza kupiga tena, vali hukaguliwa kwa eko inayopitishwa kooni kabla kifua hakijafungwa.

Na ikionekana bado inavuja?

Uvujaji mdogo kabisa hukubalika. Ukizidi hapo, mashine huwashwa tena na vali hurekebishwa au hubadilishwa palepale. Kwa sababu hiyo, kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa, kubaliana na mpasuaji ni vali ipi ya akiba ungependa: ya chuma au ya mnyama.

Hatari yake ni kubwa kiasi gani?

Kwa upasuaji uliopangwa, katika vituo vyenye uzoefu, wanaofariki ni karibu 1 hadi 2 kati ya 100. Hatari nyingine ni kuvuja damu, kiharusi, figo kulegea, maambukizi ya kidonda, na mapigo ya moyo kuvurugika hadi kuhitaji kifaa cha kuyaongoza. Katika upasuaji wa dharura hatari hupanda mara kadhaa.

Kwa nini ndugu zangu wanaombwa kutoa damu?

Upasuaji wa aota unaweza kutumia chupa kadhaa za damu, na akiba ya taifa, inayosimamiwa na huduma ya damu yenye makao Nakasero, hupungua sana shule zinapofungwa kwa kuwa wanafunzi ni wachangiaji wakubwa. Mchango wa ndugu si malipo. Damu haiuzwi, na yeyote anayekutaka pesa kwa ajili yake anakutapeli.

## Wapi, na kwa utaratibu gani

Nianzie wapi nikiwa Uganda?

Anzia kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, ili upate barua ya rufaa. Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1988 katika Hospitali ya Mulago, imekuwa ikifanya upasuaji wa moyo wazi humu nchini tangu 2007, na hapo ndipo tathmini kamili hufanyika. Wagonjwa wengine hupelekwa nje ya nchi, hasa India.

Kokote utakakopangiwa, muulize mpasuaji maswali haya bila haya: Umehifadhi vali ngapi za namna hii? Ni wagonjwa wangapi walirudi? Ukishindwa kuihifadhi, utafanya nini? Mpasuaji mzuri hakasiriki akiulizwa hivyo. Omba pia makadirio ya gharama kwa maandishi, yakijumuisha siku za uangalizi mahututi, kwani hapo ndipo hesabu za familia nyingi huharibikia.

Naweza kusubiri nikichanga pesa?

Inategemea ukubwa wa aota na kasi yake. Wakati wa kusubiri, shinikizo la damu lidhibitiwe kwa dawa kama atenololi au losatani, usibebe mizigo mizito, na eko irudiwe kwa tarehe uliyopewa. Jambo moja halisemwi vya kutosha: epuka siprofloksasini na dawa za jamii yake isipokuwa pasipo na mbadala. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba zinaweza kuongeza hatari ya kuchanika kwa aota, na hapa kwetu watu huzinunua kwa homa ya matumbo bila hata cheti. Dalili za dharura zimeelezwa katika sehemu ya hali za pekee.

## Baada ya kutoka hospitalini

Nitarudi kazini lini?

Mfupa wa kifua huhitaji wiki 6 hadi 12 kuungana. Katika muda huo usinyanyue kitu kinachozidi kilo 5. Jerikeni la lita 20 lina uzito wa kilo 20, kwa hiyo usichote maji wala usilime, na mtoto akalishwe mapajani pasipo kunyanyuliwa. Usiendeshe wala usipande boda boda. Kazi ya ofisini huwezekana baada ya takriban miezi 2. Ya shamba au ujenzi baada ya miezi 3 au zaidi, kwa ruhusa ya daktari. Wenye Marfan hubaki wakiepuka kunyanyua vyuma na michezo ya kugongana maishani mwao mwote.

Ikiwa sina dawa ya kumeza wala maumivu, kwa nini nirudi kliniki?

Kwa sababu vali inaweza kuanza kuvuja polepole bila wewe kuhisi, na sehemu ya aota iliyobaki inaweza kutanuka. Eko hufanywa kabla ya kuruhusiwa, tena baada ya miezi michache, kisha kila mwaka. Meno yatunzwe, kwani bakteria wa kinywani wanaweza kuingia katika damu na kushika kwenye vali; kabla ya kung'oa jino, mwambie daktari wa meno kuhusu upasuaji wako ili aamue kama unahitaji antibiotiki kwanza.

## Hali za pekee

Ninaishi na VVU. Nitakataliwa?

VVU pekee si sababu ya kukataliwa. Kinachoangaliwa ni kama unameza ARV ipasavyo, virusi vimefifishwa na kinga iko vizuri. Kwa kweli mgonjwa huyu ana sababu ya ziada ya kutaka vali yake ihifadhiwe, kwa kuwa baadhi ya ARV huingiliana na warfarini.

Nina selimundu.

Mwambie daktari mapema sana. Baridi na upungufu wa oksijeni wakati wa upasuaji vinaweza kuzifanya chembe za damu zijikunje, hivyo timu huweza kukubadilishia sehemu ya damu kabla na kuuweka mwili joto zaidi. Mwenye vinasaba vya selimundu bila ugonjwa naye aseme.

Aota ikichanika ghafla, vali bado inaweza kuhifadhiwa?

Wakati mwingine, lakini hapo lengo la kwanza ni kuokoa uhai. Dalili ni maumivu makali ya ghafla kifuani au mgongoni, kama kitu kinachochanika, pengine pamoja na kuzirai au mkono mmoja kukosa mapigo. Mchaniko ukiwa karibu na moyo, hatari ya kufa kwa asiyetibiwa huongezeka kwa takriban asilimia 1 hadi 2 kila saa katika siku mbili za mwanzo. Kwa aliye Arua, karibu kilomita 500 kutoka Kampala, saa hizo huishia njiani. Hii ndiyo sababu madaktari husisitiza kufanya upasuaji wakati mtu bado anajiona mzima. Mwenye aota iliyotanuka akipatwa na maumivu hayo asipewe dawa za vidonda vya tumbo akarudishwa nyumbani. Abebe nakala ya eko yake na kuionyesha mara moja.

Nimesikia kuhusu upasuaji wa Ross na wa Ozaki. Ni kitu kimoja na hiki?

Hapana, ingawa vyote hukwepa vali ya chuma. Katika upasuaji wa Ross, ulioanza 1967, vali ya mgonjwa ya upande wa mapafu huhamishiwa kwenye aota na nyingine kuwekwa kule ilikotoka. Katika ule wa Ozaki, majani mabovu hukatwa na mapya kuundwa kwa utando wa moyo wa mgonjwa. Mgonjwa wa rumatiki aliyeambiwa vali yake haihifadhiki anaweza kuuliza kuhusu huu wa Ozaki, akijua kwamba uzoefu wake wa muda mrefu bado ni mfupi kuliko wa njia za David na Yacoub.

Je, ndugu zangu nao wapimwe?

Ndiyo, ikiwa una Marfan, vali ya majani mawili, au aota iliyotanuka bila chanzo kinachojulikana. Wazazi, watoto, kaka na dada wa damu wafanyiwe eko angalau mara moja, hata wasiokuwa na dalili. Takriban robo ya wenye Marfan ni wa kwanza katika ukoo wao, kwa hiyo kutokuwepo kwa historia ya ugonjwa nyumbani hakutoshi kuwaruhusu watoto waachwe bila kupimwa.